Toniki, Bila Kitu

Kwanza barafu. Ijaze glasi hadi shingoni, usiionee choyo;
barafu haba huyeyuka upesi
na kinywaji kikawa maji ya kuoshea vyombo.
Kisha poto nyeupe, ile divai nzito ya huku kwetu, vidole viwili
(vidole vyangu, si vya Baltasar, yule ana vidole kama ndizi).
Ndipo toniki, taratibu, ubavuni mwa glasi,
uinamishe kama anayemmwagia mtu siri sikioni,
mapovu yasife kabla ya kufika mdomoni.
Ganda la chungwa. Jani la mnanaa:
lipige kofi kwanza, liamke.

Hivyo nilifundishwa mimi, Zulmira,
katika baa iliyo ngazi sabini na mbili juu ya mto Douro,
mjini Porto, ambako wageni hufika wakihema
na kuagiza chochote chenye baridi.

Wapo wa jini na tango.
Wapo wa jini na pilipili manga, punje tatu
zinazama, zinaibuka, zinazama.
Wapo vijana wa chuo, wao hutaka kahawa
imwagwe juu ya toniki, weusi ushuke kama moshi uliokosa njia.
Nawaambia hiyo ni ndoa ya wachungu wawili.
Wanacheka, wanapiga picha, wanasahau kunywa.

Dona Deolinda hupanda ngazi zote kwa goti moja zima,
kila Alhamisi, saa kumi na moja na robo.
Anaketi, mkoba mapajani.
"Toniki. Bila kitu."
Bila barafu?
Bila barafu.
Hata kipande cha limau?
"Mwanangu, limau si kitu?"

Miaka minne nilidhani ni ubahili.
Baltasar alidhani ni tumbo.

Hadi Februari moja ya mvua, baa tupu,
akaongea akiitazama chupa, si mimi.
Mumewe, Amadeu, jeshi lilimpeleka Guinea
akiwa na miaka ishirini na moja na masikio makubwa.
Alirudi na masikio yale yale
na homa isiyobisha hodi.
Kwinini ilikaa kabatini, kando ya sukari.
Aliyoyaona kule hakusimulia,
aliyoyatenda ndiyo kabisa.
"Nilimbusu miaka thelathini na minane," alisema,
"na mdomo wake ulikuwa mchungu.
Vidonge siuziwi bila cheti.
Toniki nauziwa."

Nikafuta kaunta iliyokwisha kufutwa.

Sasa, mpwa wa Baltasar alikuwa juu ya ngazi ya mbao,
anafunga taa ya zambarau kwa ajili ya dansi za Jumamosi,
naye, bila kuuliza mtu, akazima zote, akawasha ile.
Shati lake likang'aa. Meno yetu yakang'aa.
Na glasi ya Dona Deolinda, mbele yake, ikawa buluu,
buluu ya moto wa gesi, lakini imetulia.

"Kwinini hiyo," Baltasar alisema. "Ndiyo inayowaka."

Alichovya kidole. Tone likakaa kwenye ncha, buluu,
akaligeuza huku na huku kama mtu anayekagua pete.
"Kumbe," alisema.
Kisha baada ya muda:
"Na sisi usiku wote ule tumezima taa."

Kijana akaomba radhi, akawasha balbu za kawaida.
"Hapana," alisema. "Irudishe kidogo."

Alhamisi iliyofuata alichelewa, saa kumi na mbili kasoro.
"Toniki," akasema, akanyamaza.
Nikangoja hilo *bila*. Halikuja.
Akaonyesha poto kwa kidevu. Nikamimina kidole kimoja,
chembamba.
Akaonja, akakunja uso. "Tamu mno,"
akaacha nusu, akalipa yote, akashuka, goti moja, goti moja.

Ile nusu niliinywa mimi, nimesimama.
Ni kweli. Tamu mno.